Kundi la Kungoja

Umeme wa Katindo hupenda kukatika mtu akiwa na haraka. Siku hiyo ulikatika wakati Kasoki alikuwa amebakiza kurasa chache tu kwenye mashine ya fotokopi, na kibanda kizima kikaanza kunung'unika: askari wa kambi ya jirani, wanafunzi wa chuo, mama mmoja mwenye hati za kiwanja. Mwenye kibanda akatoka kwenda kuvuta kamba ya jenereta. Jenereta ikakohoa, ikanyamaza, naye akaanza kuitukana kama mke mwenza.

Kasoki alisimama akikumbatia karatasi zake. Alikuwa amevaa sketi ya kitenge cha manjano iliyomkaa vizuri kiunoni, na viatu ambavyo asubuhi vilikuwa vyeupe, kabla vumbi jeusi la Goma halijavisalimia. Nyuma yake mtu alikuwa akisoma juu ya bega lake, tena kwa sauti.

"'Juma lililopita ulipata usingizi mzuri? Hata kidogo, kidogo, wastani, sana, sana kabisa.' Mademoiselle, hii examen ni ya nani?"

"Haiko examen. Na haiko yako," Kasoki alijibu bila kugeuka.

"Mutu akikuya kuniuliza gisi ninalala, mbele aniambie jina yake."

Hapo akageuka, tayari kumpa la kumpa. Kijana alikuwa mrefu, mwembamba, na macho yenye utani. Alivaa koti la suti lililopigwa pasi likanyooka, na chini yake kandambili za mpira. Mwaka ule wa 2024 kila mtu wa Goma alijua kusoma mavazi ya namna hiyo: mtu aliyekimbia vita akiwa amevaa cha heshima juu, na chini kile alichokuta mlangoni.

"Kasoki. Psychologie, mwaka wa mwisho," alisema, sauti imeshuka.

"Paulin. Mwalimu wa darasa la tano, Sake. Masomo yetu, shule yenyewe, ilibomoka, lakini mwalimu angali." Akamwonyesha cheti chake cha ualimu ndani ya mfuko wa plastiki. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho, na alitaka nakala kabla mvua haijakila.

Umeme uliporudi, mwenye kibanda alitoa karatasi za Kasoki na cheti cha Paulin kwa pamoja, zikachanganyika. Walichukua muda mrefu kuzitenganisha, kuliko kazi yenyewe ilivyohitaji.

Juma lililofuata Kasoki alipanda pikipiki Ndosho, kwao, akaenda kwenye kambi ya wakimbizi iliyo kando ya barabara ya Sake. Aliambiwa amwone kiongozi wa bloki. Kiongozi alitoka kwenye kibanda cha turubai akifunga vifungo vya koti.

"Mama professeur!" Paulin alicheka. "Kumbe ulikuwa unanitafuta."

Kazi ya Kasoki ilikuwa hii, nami nitaisema kwa kifupi maana wasomi wakianza kuieleza hawaishi. Shirika moja lenye ofisi Himbi lilikuwa limesimamisha hema kambini, mahali ambapo watu walikaa na mshauri wakasema yaliyowapata. Kasoki aliamini kwamba wanaokaa humo hupungukiwa na hofu na ndoto mbaya. Lakini kuamini si kujua. Kwa hiyo angepima makundi mawili kabla na baada: kundi moja liingie hemani sasa, lingine lingoje zamu yake. Tofauti kati yao ndiyo ingesema kama hema linasaidia au ni turubai tu. Na nani aingie, nani angoje, lisiamuliwe na huruma ya mtu. Liamuliwe na kura.

Kura ilipigwa hadharani, kwa karatasi zilizokunjwa ndani ya beseni. Paulin alichota akaangukia kundi la kungoja. Akacheka. Lakini jirani yake, Mama Eugénie, muuza makaa aliyepoteza mwanawe njiani kutoka Masisi, alipochota vilevile kungoja, Paulin hakucheka tena. Alimvuta Kasoki pembeni.

"Ule mama, umuhamishe ndani ya hema. Umupe nafasi ya mwingine, yote sawa."

"Siwezi."

"Karatasi moja tu, Kasoki."

"Nikigusa moja, nimegusa zote. Tirage, kura yenyewe, haiguswake, Paulin. Atapata zamu yake nikionyesha kama hema inasaidia."

Paulin aliikunja tena karatasi yake ya kura. Hakukubali, alinyamaza tu. Kasoki hakujua tofauti ya mambo hayo mawili, na angekuja kuijua.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Kila Kasoki alipokwenda kambini, Mama Eugénie alimfutia jiwe la kukalia kabla hajaulizwa amekuja kumwona nani. Na simu nazo ziliita, asubuhi, hata maji ya kunawa hayajachemka.

"Allo, mama professeur. Niko nakupima. Kwa mizani ya karatasi yako, kutoka zéro mpaka quatre, nne kamili, ulinikumbuka combien?"

"Un. Moja."

"Un tu!"

"Un et demi, na nusu juu. Usilie."

"Ile mizani yako iko na bongo, inadanganya. Mimi nilikukumbuka mpaka karatasi ikakosa nafasi."

"Wewe ni mutu wa échantillon yangu, wale ninapima, mwalimu. Sipashwe kusikiliza haya."

"Basi kata simu."

Hakukata. Alijua kabisa kwamba mtu anayemhoji hapaswi kuwa mtu anayemwota, na kila juma alijiambia atamweleza profesa wake juma lijalo.

Jumapili moja walikaa kando ya ziwa, Himbi, wakila sambaza wa kukaangwa, samaki wadogo wa ziwani, kwenye karatasi. Paulin alikuwa na koti lake, Kasoki gauni jekundu na hereni alizoazima kwa dada yake. Upande wa Sake mlio mzito ulisikika, watu wakainua vichwa, wakasikiliza, wakarudi kula.

"Kasoki, mi nataka tuoane."

Sambaza ilimkwama kooni. Aliinywea maji, akafuta macho. "Papa iko na neno moja: diplôme mbele, bwana kisha."

"Na wewe?"

"Nikitetea mémoire, hii kazi yangu ya mwisho ya chuo, siku ile ile nitakujibu."

"Na kama mémoire ikianguka?"

"Usinitakie mabaya! Nambari zikitoka muzuri, haitaanguka."

Alisema hivyo kwa wepesi, akamtia sambaza mdomoni. Ee Kasoki! Maneno mengine yangefaa yamezwe pamoja na miiba.

Siku za kupima mara ya pili zilipofika, majibu yalitoka laini kama uji. Usingizi? Sana kabisa. Ndoto mbaya? Hata kidogo. Hofu ukisikia mlio? Hata kidogo, mwanangu. Kasoki alirudi Ndosho akiimba. Muhtasari aliupeleka kwa profesa na kwa shirika siku moja.

Profesa Mulumeoderhwa alimwita ofisini. Alikuwa mzee wa Bukavu, mkavu, miwani puani, na hakumwambia akae.

"Mademoiselle, hizi nambari ni nzuri kupita kiasi. Mutu analala chini ya bâche, turubai tupu, juu ya mawe, bomu zinalia, anasema analala 'sana kabisa'. Haiko mmoja. Ni bote!"

"Ndivyo walivyosema, Prof."

"Na kundi ya kungoja? Hawajaonja dawa, na wamepona kushinda wale walioinywa." Alivua miwani. "Ulikaa kwenu ukajaza mwenyewe?"

Kasoki aliinua mkono juu. "Hapana! Naapa, Prof."

"Usiniapie. Science haina kiapo. Mpaka mwisho wa juma uniletee sababu, ao nitaandika kwamba ulidanganya, na chuo itakufukuza. Tena, directeur wa shirika alisha soma muhtasari yako. Anasema kambi imepona, hema anaing'oa aipeleke fasi ingine."

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Kasoki alitoka ofisini hajui anakanyaga wapi. Ikiwa hema lingeng'olewa, waliokuwa wakingoja zamu wangengoja mpaka kiama, na yeye ndiye aliyewaahidi.

Kambini alimkuta Mama Eugénie akipanga makaa yake kwa mafungu. "Mama, niambie kweli. Unalala?"

"Si nilisha jibu? Sana kabisa." Kisha mama akatabasamu kwa fahari. "Nilijibu muzuri? Mwalimu alitufundisha wote pamoja, kama batoto ya masomo. Mi nilikosea, akanirudilisha mpaka ikashika."

"Mwalimu nani?"

"Paulin, si bwana yako? Alisema tukijibu muzuri utapata point, utaolewa. Tukasema, huyu mutoto anatuheshimu, tumusaidie."

Kasoki alichuchumaa, akamshika mikono iliyojaa weusi wa makaa. "Na usiku, mama? Bila point."

Tabasamu likaondoka polepole. "Kulala? Tangu mutoto wangu alibakia kule, mi naangaliaka bâche mpaka kunacha."

Paulin alikuwa bombani, akipanga foleni ya maji. Alipomwona Kasoki anakuja, alifungua mikono.

"Uliwafundisha majibu?"

"Walijibu muzuri, hein?"

"Paulin, uliniua."

Watu wa foleni waligeuka. Alimsogeza kando, bado anacheka kidogo, kama mtu anayedhani ni utani ambao hajauelewa. "Mpenzi, kwetu inspecteur akikuya, darasa inaandaliwa. Haiko bongo, ni heshima. Mwalimu mwenzako akipata cote mbaya, alama ya chini, aibu ni ya masomo yote. Nilifanya vile ningefanya kwa—"

"Mi siko inspecteur! Sikuwa napimwa mimi! Nilikuwa napima maumivu ya batu, na wewe uliyafuta. Sasa hema inang'olewa. Mama Eugénie hataingia, juu umemufundisha kusema alisha pona!"

Paulin aliacha kucheka. "Sikujua. Nilifanya juu yako."

"Hapana. Ulifanya juu yako. Ulichoka kungoja."

Neno lile lilimpata palipo pabichi, na mtu akichomwa hapo hurusha chochote kilicho karibu. "Na wewe? Nilikuomba nafasi moja ya ule mama, ukaniambia tirage haiguswake. Ulibapanga batu kwa mafungu, kama viazi. Si ajabu, baba yako njo anauzaka viazi."

Mlio ulipasuka upande wa vilima, karibu kuliko siku zote. Foleni nzima ililala chini, madumu yakabingirika. Kasoki na Paulin walilala ubavu kwa ubavu juu ya mawe meusi, nyuso zikitazamana, na hakuna aliyemshika mwenzake mkono. Kulipotulia, Kasoki aliinuka, akakung'uta sketi, akaondoka.

Simu iliita jioni hiyo na asubuhi iliyofuata. Aliitazama ikiita. Alilia hadi macho yakavimba, na katikati ya kulia alijua kwamba hasira yake ilikuwa na sehemu iliyomlenga yeye mwenyewe, ambayo Paulin hakuistahili.

Alirudi kwa profesa akasema yote, hata lile la simu za asubuhi. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Biais ya kwanza, kile kinachopotosha vipimo, ni ya ule kijana," alisema. "Ya pili ni yako, na njo mbaya zaidi. Ulipendana na mutu wa échantillon, ukanyamaza."

"Ndiyo, Prof."

"Nitaongea na directeur. Mtapima tena, mara moja tu. Watakaouliza ni Sylvie wa darasa lenu na wenzake. Wewe hutafungua mdomo mbele ya kundi, hata kusalimia." Akamnyoshea kidole. "Na ujue: ukibaambia waseme wanaumia, watasema wanaumia. Sitaki hiyo tena. Nataka kweli."

Nani angewaambia? Kasoki alizungusha swali hilo siku nzima, na jibu lilikuwa moja tu. Akapiga.

"Paulin."

"Niko." Sauti ilikuwa imekauka.

"Watapima tena. Ubafundishe kusahau."

Upepo ulisikika ukipiga turubai. "Hiyo haifundishwake," alisema mwishowe. "Lakini nitajaribu kitu." Mtandao ukakata, au ni yeye aliyekata.

Siku yenyewe risasi zililia upande wa Sake tangu alfajiri. Baba yake Kasoki alisimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mutoto wangu, karatasi haina roho. Wewe uko nayo. Bakia." Kasoki alimpita chini ya mkono, akapanda pikipiki, na njia nzima hakuomba nambari nzuri. Aliomba tu amkute Paulin akiwa hai.

Alimkuta amesimama juu ya jiwe, koti limefungwa vifungo vyote, bloki nzima imemzunguka. Sylvie na wenzake walikuwa wameketi mbali na karatasi zao. Kasoki akajibanza nyuma ya umati.

"Niliwafundisha vibaya," Paulin alikuwa akisema. "Nilifikiri ni inspection. Leo sitawafundisha jibu. Nitawaambia langu, kila mutu atafute lake." Alimeza mate. "Mimi nilijibu kama nalala sana kabisa. Ni bongo. Tulitoka Sake mbio, mdogo wangu Sifa nilikuwa nimemushika mkono. Bomu ilianguka, nikaachilia. Mkono ilikuwa yangu, ni mimi niliachilia. Nikifunga macho nasikia ile mkono inatoka. Naamkaka, napiga koti pasi kwa chupa ya maji ya moto, asubuhi nacheka na nyinyi. Njo vile nalalaka."

Kasoki alifunika mdomo kwa mkono. Miezi yote ile ya un et demi na vicheko, hakuwahi kusikia jina la Sifa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nao walikuwa wameficha wote wawili, kila mtu lake.

Mama Eugénie alikuwa wa kwanza kusogea. "Na mi nitasema yangu," alisema, akaenda kuketi mbele ya Sylvie. Wengine wakapanga mstari nyuma yake, na Paulin akajipanga mwishoni.

Kasoki alipita kando ya mstari mzima bila kumsalimia mtu. Alipomfikia alimgusa kiwiko, akivunja agizo la mzee kwa mnong'ono. "Wewe toka."

"Nini?"

"Toka ndani ya mstari, Paulin. Nimekutoa kwenye échantillon."

Alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi msibani. "Ata kisha nilisema kweli?"

Kasoki alitaka kusema. Lakini sasa umati ulikuwa ukiwatazama, Sylvie alikuwa akiwatazama, na agizo la mzee lilikuwa limemfunga kinywa. Akatikisa kichwa tu. Paulin alitoka mstarini, akapita kati ya vibanda na koti lake, hakugeuka. Simu yake haikupatikana tena siku hiyo wala zilizofuata.

Nambari zilitoka mbaya, yaani zilitoka za kweli. Waliokuwa wakiingia hemani walikuwa wamepata nafuu, si kubwa, ya mtu anayelala kipande cha usiku badala ya kutolala kabisa. Waliokuwa wakingoja walikuwa palepale, wengine wamezidi kuumia. Profesa Mulumeoderhwa alizisoma mara mbili, akazigonga kwa kidole.

"Hizi sasa zinafanana na batu," alisema.

Hema halikung'olewa. Shirika lilisimamisha la pili kwa ajili ya kundi la kungoja, na siku ya kulifungua iliangukia siku ile ile ya Kasoki kutetea kazi yake. Alisimama, akasoma makosa yake mwenyewe mbele ya majaji, hakuruka hata moja. Walipomtangaza kwamba amefaulu, mama yake alipiga vigelegele na kumwagia unga wa talki kichwani. Kasoki aliwakumbatia, kisha akawaacha na soda zao mkononi, akasimamisha pikipiki akiwa bado na suti nyeusi na talki nyweleni.

Paulin alikuwa mwisho wa foleni, nje ya hema la pili. Alikuwa amekonda. Alimwona, akatazama chini.

"Umekuya kunitoa na huku?"

"Hapana. Huku ingia. Zamu yako imefika."

"Basi kule ulinitoa juu ya nini? Nilijivua nguo mbele ya batu yote, Kasoki. Nilifikiri unanichukia."

"Mbele ya batu nilikatazwa kusema. Kisha simu yako ikafa." Alivuta pumzi. "Mutu hapimake bwana yake. Ni biais."

Foleni iliyokuwa mbele yao ilisogea nyuma hatua moja, maana masikio ya kambi hayana pazia.

"Bwana yake nani?" Paulin aliuliza polepole.

"Ule anavaaka koti na kandambili. Nilisema siku nitatetea, siku ile ile nitajibu. Nimetetea. Najibu."

Mama Eugénie alipiga kigelegele kimoja, kifupi, kilichochakaa, na watu wakageuka kumtazama yeye badala ya wapenzi. Paulin alicheka, kisha kicheko kikavunjika katikati, akajifunika uso kwa mkono wa koti.

"Yale ya viazi, unisamehe."

"Yalikuwa na kweli kidogo. Njo maana yaliniuma."

"Kasoki, silalake. Utaolewa na mutu halalake. Kutoka zéro mpaka quatre—"

"Sitaki nambari." Alimshika mkono, akaukaza. "Ingia, useme yote. Mi niko hapa."

Mshauri aliinua pazia la hema, akaita. Paulin akauachia mkono wa Kasoki taratibu, kidole kwa kidole, akageuka mlangoni kuhakikisha kwamba bado yupo, akaingia.

Kasoki alitafuta jiwe. Mama Eugénie alikuwa ameshamfutia moja. Akaketi na suti yake nyeusi, akavua viatu vilivyomuuma tangu asubuhi, akangoja.